Breki ya mbele, mkono unaouma na kilomita 40 za vumbi: niende au nisiende?

*"Nina miaka 41, ninafanya kazi ya ofisi hapa Lubumbashi, na kwa miaka mingi sikufanya mazoezi yoyote. Mwezi wa tano wenzangu wa kazini walitoka Jumamosi moja kwa velo (baiskeli) za milima, nami nikawafuata. Tulishika barabara ya Kasenga, halafu tukaingia njia za mashamba. Velo niliazimwa na mdogo wangu, aliinunua Ndola, Zambia. Kwenye mteremko mmoja nilibana breki, velo ikanirusha mbele, nikaangukia mikono. Nilichubuka tu, ila kifundo cha mkono wa kulia bado kinauma nikisukuma mlango mzito. Tulipofika karibu kilomita ya 30 nguvu ziliniisha kabisa, nikatetemeka, nikataka hata kulia, na wenzangu waliningoja karibu saa nzima. Sasa wanapanga kutoka tena mwisho wa mwezi huu wa nane, siku mbili: kilomita 40 Jumamosi, kulala kwenye shamba la mmoja wetu, na kurudi Jumapili. Wananishauri hivi: usiguse breki ya mbele kamwe, shusha kiti ili miguu ifike chini, jaza tairi ziwe ngumu, kunywa maji mengi kadiri unavyoweza. Mume wangu anasema umri wa mambo hayo umenipita. Niende, au nitakuwa mzigo kwa wenzangu?"*

Mama, unaniuliza kama mwili wako bado unaweza, na kama wenzako watakuchoka. Nitayajibu yote mawili. Lakini kazi yangu ya kila siku ni kunyoosha viungo vya watu walioanguka, na katika barua yako kuna sentensi fupi uliyoipitia haraka ambayo mimi imenisimamisha: kifundo cha mkono kinauma nikisukuma mlango. Umeanguka mwezi wa tano. Sasa ni mwezi wa nane. Michubuko haikai miezi mitatu. Kwa hiyo tutaanzia hapo kabla ya breki, kabla ya maji, kabla ya kilomita.

Mtu anayerushwa mbele hunyoosha mikono ili kuokoa uso. Uzito wote wa mwili unashuka juu ya kiganja kilichokunjwa nyuma, na mfupa mmoja mdogo upande wa kidole gumba, unaoitwa skafoidi, ndio unaobanwa katikati. Mfupa huo ukipata ufa, mara nyingi mkono hauvimbi sana na haupindi. Mtu anaendelea kupika, kuandika, kubeba ndoo, na anasema ni msuli tu. Hata picha ya mifupa, ile tunayoiita radio, ikipigwa siku za kwanza inaweza kuonekana safi kabisa, na ndiyo maana madaktari humwita mgonjwa tena baada ya siku 10 hadi 14. Shida ya skafoidi ni damu yake: mishipa mingi huingilia upande ulio karibu na vidole na kurudi nyuma. Ufa ukikata katikati, kipande cha nyuma kinaweza kubaki bila damu ya kutosha, mfupa usiunge, na baada ya miaka kifundo kizima kikachakaa. Sisemi kwamba ndivyo ulivyo. Inaweza kuwa kano iliyovutika au tishu laini upande wa kidole kidogo. Lakini mambo hayo hayatofautishwi kwa barua.

Jaribu hivi leo jioni. Nyoosha mkono mezani, inua kidole gumba juu na nyuma. Chini yake, karibu na kifundo, utaona kishimo kidogo kati ya kano mbili. Bonyeza ndani ya kishimo hicho kwa kidole cha mkono mwingine, kisha fanya vivyo hivyo upande wa kushoto, ulinganishe. Ukisikia maumivu makali upande wa kulia na kushoto hakuna kitu, usingoje wiki ijayo. Na hata yasipokuwepo, miezi mitatu ya maumivu inatosha kukupeleka hospitali. Ukifika, mwambie daktari tarehe uliyoanguka na jinsi ulivyoangukia kiganja, umwombe picha zinazoonyesha skafoidi, maana picha ya kawaida ya mkono huweza kuificha. Ombi langu lingine kubwa: usimpe mtu yeyote mkono huo auvute au kuukanda kwa nguvu kabla ya picha. Najua wapo wazee wenye mikono ya kusaidia, nami ninawaheshimu, ila mfupa wenye ufa haukandwi.

Mpaka picha itoke, usipande baiskeli kwenye njia ya mawe. Usukani unatikisika, na kila mtikisiko unapitia kifundo hichohicho. Isitoshe, mkono unaouma hubana breki kwa kuchelewa au kwa kushtuka, na hilo linatuleta kwenye anguko lako.

Umeandika kwamba baiskeli ilinunuliwa Ndola. Hilo linaweza kueleza mengi. Katika nchi zilizofuata desturi ya Uingereza, Zambia ikiwa mojawapo, baiskeli nyingi hufungwa breki ya mbele kwenye mkono wa kulia. Zinazotoka Ufaransa, Ubelgiji na sehemu kubwa ya bara la Ulaya hufungwa kinyume: mbele ni kushoto, nyuma ni kulia. Hapa Lubumbashi tunazo za aina zote mbili, za mitumba kutoka Ulaya na za kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na fundi naye huweza kuzigeuza bila kumwambia mtu. Kama ulijifunza kwenye baiskeli ambayo mkono wa kulia unashika gurudumu la nyuma, basi siku ile ulibana kulia kwa nguvu ukidhani unashika nyuma, kumbe unafunga la mbele. Nenda kwa mdogo wako, inua gurudumu la mbele, lizungushe, bana mkono mmoja mmoja uone. Ukitaka, fundi atabadilisha nyaya kwa muda mfupi ili zifuate mazoea yako. Ikiwa breki ni za mafuta kazi ni ndefu kidogo, lakini inawezekana. Na yeyote katika kikundi anayeazima baiskeli afanye ukaguzi huo kabla hamjatoka mjini.

Sasa, ule ushauri wa kutogusa breki ya mbele kamwe. Wenzako wanakupenda, wanataka usianguke tena. Lakini wanakunyima breki yenye nguvu zaidi kati ya hizo mbili. Baiskeli inapopunguza mwendo, uzito wako unaendelea kwenda mbele. Gurudumu la mbele linalemewa, la nyuma linakuwa jepesi. Tairi hushika ardhi kwa kadiri inavyokandamizwa, kwa hiyo kadiri unavyozidi kufunga breki ndivyo tairi ya mbele inavyozidi kushika na ya nyuma inavyopoteza. Anayetegemea nyuma peke yake kwenye mteremko hufunga gurudumu lisilo na uzito: linaburuzika, linacheza kushoto na kulia, na mwendo haupungui inavyotakiwa. Kwenye ardhi kavu na ngumu, kusimama kwa breki ya nyuma tu huweza kuchukua umbali mara mbili hivi ya kusimama kwa zote mbili. Ukiwa na mti mbele yako, umbali huo ndio kila kitu.

Kinachomrusha mtu ni breki kubanwa ghafla huku mwili umekaa vibaya: kiuno juu, mikono imenyooka bila kujiandaa, miguu haijakanyaga imara. Gurudumu linasimama, mwili hausimami. Wanaoshuka vizuri hufanya kinyume. Pedali mbili wanaziweka sambamba na ardhi, wanasimama juu yake bila kukaa kitini. Kiuno kinarudi nyuma na kushuka, viwiko vinakunjwa, visigino vinashuka chini kidogo ili miguu ipokee msukumo wa mbele. Kidole kimoja au viwili tu viko kwenye kila mkono wa breki, vingine vinashika usukani. Kisha breki zote mbili zinabanwa pamoja, kwanza kidogo, halafu zaidi, polepole lakini kwa uthabiti.

Kuna jambo moja ambalo wenzako wamelikaribia bila kulieleza vizuri. Tairi ina uwezo mmoja wa kushika ardhi, na uwezo huo hugawanywa kati ya kupunguza mwendo na kukata kona. Ukifunga breki ya mbele ukiwa katikati ya kona, tena kwenye changarawe au lile vumbi la mwezi wa nane linalofika kwenye rimu, hakuna uwezo unaobaki, na gurudumu linatoroka upande bila onyo. Kwa hiyo mwendo hupunguzwa kabla ya kona, baiskeli ikiwa wima, kisha unaachia na kugeuka. Na kwenye vumbi zito unaliacha la mbele liwe huru zaidi, unategemea nyuma, na zaidi ya yote unaingia polepole tangu mwanzo. Vumbi hilo la barabara zetu lina ubaya mwingine: linafunika shimo na mfereji wa magurudumu ya malori kiasi kwamba njia inaonekana tambarare. Usimfuate mwenzako kwa karibu kwenye vumbi. Hata kama unamwamini, huoni anachokikanyaga.

Mambo haya hayafundishwi kwa kusoma. Mkono ukiruhusiwa, tafuta uwanja wa udongo mtaani kwenu, nenda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, bana breki ya mbele peke yake kidogo kidogo mpaka usikie mahali inapoanza kushika. Rudia kwa ya nyuma mpaka iteleze, uachie, iteleze tena. Mwili ukishazijua breki zote mbili, hofu ya mteremko inapungua yenyewe. Wenye hofu ndio wanaokakamaa, na anayekakamaa ndiye anayerushwa.

Tairi ngumu? Hapana. Tairi iliyojaa sana inarukaruka juu ya mawe badala ya kuyafuata, inagusa ardhi kwa sehemu ndogo, na kifundo chako ndicho kinachopokea kila jiwe. Kwa mtu wa kilo 65 hadi 75 mwenye tairi pana za milima, zenye upana wa inchi 2.1 hadi 2.3 na mpira wa ndani, hewa ya bar 2 hadi 2.4 inatosha. Ukishusha zaidi ya hapo, jiwe litabana mpira dhidi ya rimu na utapata matundu mawili yaliyokaa jirani. Kwado, yaani fundi wa tairi, anayejaza tairi za magari bila kipimo atakupa mara mbili ya hiyo, kwa hiyo mwombe kipimo, au mnunue pampu moja yenye kipimo kwa ajili ya kikundi kizima.

Kiti nacho hakishushwi ili miguu ifike chini. Kiti cha chini hufanya goti likunje mno kila unapokanyaga, na baada ya kilomita 20 mbele ya goti kunawaka. Kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Ukirudisha sehemu pana ya wayo kwenye pedali, goti litabaki na mkunjo mdogo, na huo ndio unaotakiwa. Unaposimama unashuka kitini kwanza, mguu mmoja unakwenda chini. Mteremko mrefu ukija, hapo ndipo unasimama, ufungue komeo la kiti, ukishushe sentimita kadhaa, na ukifika bondeni ukirudishe. Uweke alama ya kalamu kwenye nguzo ya kiti ili usibahatishe.

Tuje kwenye kilomita ya 30, siku uliyotetemeka na kutaka kulia. Nimeona watu wa miaka 22 wakikaa chini ya mti hivyohivyo. Mwili huweka wanga kwenye misuli na ini, kwa jumla kama gramu 400 hadi 500 kwa mtu wa kawaida, na akiba hiyo, mtu akienda kwa nguvu, hufikia mwisho baada ya saa moja na nusu au mbili hivi. Mafuta ya mwilini yapo tele, hata kwa mtu mwembamba, lakini yanaungua taratibu. Hayawezi kulipa mwendo wa haraka. Wanga ukiisha, misuli inagoma. Sukari ya damu ikishuka, ubongo nao unalalamika, kwa kuwa wenyewe unaitegemea sana: unatetemeka, jasho linakuwa baridi, unakasirika au unalia bila sababu. Ukipewa kitu kitamu, baada ya dakika 15 au 20 unaanza kurudi. Huo si udhaifu wa moyo wala wa roho, na umri wako hauhusiki.

Hukuniambia mlitoka kwa mwendo gani, lakini naweza kukisia: wenye nguvu walitangulia, wewe ukajilazimisha kuwafuata saa nzima ya kwanza, na hukula chochote kwa sababu hukuwa na njaa bado. Ukienda kwa kuhema, mwili unachoma wanga kwa wingi. Ukienda kwa utulivu, unachoma mafuta zaidi na wanga unadumu. Kipimo hakihitaji saa ya bei. Ukiweza kusema sentensi nzima kwa mwenzako bila kukatika pumzi, mwendo ni wako. Ukiweza kusema maneno matatu tu, mwendo ni wa mtu mwingine, na unaulipia kwa akiba ya mchana.

Usiku wa kuamkia safari, bukari (ugali) yako na samaki au maharage ni chakula kizuri kabisa. Asubuhi, kama saa mbili kabla ya kutoka, uji au mkate na chai yenye sukari. Njiani, anza kula dakika 40 za kwanza zikipita, njaa iwepo isiwepo, na uendelee kila nusu saa, kidogo kidogo. Lengo ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu moja ya kawaida ina kama gramu 25. Viazi vitamu vilivyochemshwa na chumvi kidogo ni bora kuliko biskuti nyingi za dukani. Karanga ni nzuri jioni, lakini njiani mafuta yake yanachelewa tumboni.

Maji "kadiri unavyoweza" ni ushauri ninaoupinga kwa nguvu, kwa sababu unaweza kudhuru. Jasho linatoa maji na chumvi. Ukirudisha maji matupu, lita baada ya lita bila kiu, chumvi ya damu inazimuliwa, na matokeo yake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba, na hali ikizidi, kuchanganyikiwa hadi kupoteza fahamu. Wenzake mtu aliyefikia hali hiyo wanaona kama amekosa maji, wanamnywesha zaidi. Kunywa kwa kiu. Kwa hali ya hewa ya mwisho wa mwezi wa nane, asubuhi baridi na mchana jua kali, nusu lita kwa saa hadi robo tatu inawatosha wengi. Kwenye chupa moja kati ya mbili weka mchanganyiko huu: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, ukichacha siku kadhaa una pombe. Uachie jioni, baada ya baiskeli kulala.

Kuhusu kuwa mzigo, ninasema na wenzako pia, kama utawasomea. Kikundi kinachoingia porini kinakwenda kwa mwendo wa aliye wa mwisho. Hilo linapangwa mapema, halitokei lenyewe. Mmoja anayeijua njia anatangulia. Mwingine mwenye nguvu na uvumilivu anakaa nyuma kabisa, akiwa na pampu, mpira wa akiba, viraka na dawa za kidonda, na hampiti mtu hata mmoja. Kila njia panda wote wanasimama. Na hapa kuna kosa ninaloliona karibu kila mara: walio mbele wanapumzika dakika kumi wakimngoja wa nyuma, na akitokea tu, wanapanda na kuondoka. Aliyechoka kuliko wote ndiye pekee ambaye hakupumzika. Akifika wa mwisho, ndipo mapumziko yaanze kuhesabiwa. Mkifanya hivyo tangu kilomita ya tano, hamtamngoja mtu saa nzima kwenye kilomita ya 30.

Kwa mazingira yetu kuna mengine. Barabara kubwa za Likasi na Kasumbalesa zina malori ya madini, na vumbi au moshi wake unakuficha machoni mwa dereva. Zipiteni kwa gari, mpande baiskeli mkishaingia njia za ndani. Mtakutana na wabeba makala (mkaa) wanaosukuma baiskeli zenye magunia yaliyorundikwa. Wapisheni, hasa kwenye mteremko, kwa sababu wao hawawezi kusimama. Sehemu zenye madini kuna mashimo ya wachimbaji yaliyoachwa wazi na nyasi zimeyafunika: msikate njia porini, na hata anayekwenda haja asiende mbali na njia. Msimu huu nyasi zinachomwa. Mkiona moshi mbele, geukeni mapema, msijaribu kuupita. Mpite kumsalimu chifu wa kijiji mnapolala, na kila mtu awe na kadi yake ya mpiga kura mfukoni. Mtoke saa kumi na mbili asubuhi. Jioni, saa hiyohiyo, giza linaanza kuingia, na kwenye vumbi hakuna taa ya kichwani inayotosha.

Sasa niende au nisiende? Inategemea picha ya mkono. Ikionyesha ufa, jibu ni hapana, na hakuna haja ya kubishana nalo: ufa wa skafoidi hukaa kwenye plasta wiki nyingi, na ule uliokaa miezi bila kuunga mara nyingi humhitaji daktari wa upasuaji wa mifupa. Waweza kwenda shambani kwa gari na kulala na wenzako; kikundi si magurudumu peke yake. Ikiwa picha ni safi na daktari amekuruhusu, una wiki tatu hivi. Katika wiki tatu mapafu hayabadiliki sana, lakini mikono, makalio na mazoea ya breki hubadilika. Panda mara tatu kwa wiki, dakika 45 hadi saa moja, na mwisho wa wiki mara moja saa mbili kwa mwendo wa kuongea. Wiki ya safari yenyewe upunguze. Fanyeni Jumamosi kilomita zote 40, na Jumapili upande kilomita 15 tu, kisha gari likuchukue. Nasema hivyo kwa sababu siku ya pili ndiyo inayovunja watu: misuli imejaa uchovu, umakini umepungua, na wengi huanguka mahali ambapo jana walipita bila kufikiri. Kwa hiyo gari la kuwafuata ni sharti. Kikundi kikikuambia hakuna gari, ningesubiri safari nyingine, lakini isiwe baada ya mvua kuanza, maana udongo wetu mwekundu ukilowa ni sabuni.

Mume wako mwambie hivi, kwa heshima yake: Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kila wiki, na miaka 41 imo ndani ya ushauri huo, hata 60 imo. Anachoweza kukusaidia ni kukusindikiza kupima shinikizo la damu kabla ya safari. Hilo nalitaka kwa kila mtu aliyepita miaka 40 baada ya kukaa bila mazoezi. Ukiwa umewahi kusikia kifua kubana unapopanda ngazi, kuzimia wakati wa kazi nzito, au kama baba, mama au ndugu alikufa ghafla akiwa kijana, muone daktari kwanza na umweleze unachotaka kufanya. Mwenye ugonjwa wa seli mundu, tunaouita SS, asiingie safari kama hii bila ruhusa ya daktari wake. Mwenye kurithi upande mmoja tu kwa kawaida anaweza, lakini asijilazimishe kupita kiasi, asikae na kiu, na akisikia misuli inauma na kulegea isivyo kawaida asimame na asaidiwe mara moja. Anayetumia dawa za kisukari aulize kuhusu kipimo cha dawa siku ya safari, kwa sababu kukanyaga pedali kwa saa nyingi kunashusha sukari.

Kofia ngumu ni kwa wote, na iliyokwisha kupigwa kwenye anguko ibadilishwe hata kama ufa hauonekani. Ikiwa ulikuwa nayo mwezi wa tano na kichwa kiligonga, usiivae tena. Mtu akigonga kichwa, siku hiyo baiskeli imekwisha kwake, hata akisema anajisikia vizuri. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akirudia swali lilelile au kichwa kikizidi kuuma, gari liwashwe muda huohuo kuelekea hospitali. Na shambani mlale ndani ya chandarua. Homa ikikushika wiki moja, mbili, hata nne baada ya kurudi, nenda kapime malaria siku hiyohiyo. Usiseme ni uchovu wa baiskeli.